Divai Iliyoitwa kwa Namba

Katika Kiswahili tunayo maneno mawili ya kileo cha zabibu, na yote mawili yametoka ng'ambo. Mvinyo limetokana na vinho ya Wareno. Divai limetokana na du vin ya Wafaransa. Kamusi za zamani zilielekea kuyatenga: divai ilikuwa ile ya mezani na ya altareni, na mvinyo mara nyingi ulikuwa kileo kikali cha namna yoyote. Hata neno zabibu lina hadithi yake, maana kwa Waarabu zabib ni tunda lililokaushwa, na tunda bichi huitwa inab. Sisi tulilichukua jina la kavu tukalipa bichi na kavu pia. Kwa hiyo msomaji asishangae tukisema kwamba makala haya, ijapokuwa yanahusu divai nyekundu ya Australia, yanamhusu mwalimu wa lugha. Divai tunayokusudia kuieleza ilitengenezwa na kampuni ya Penfolds kutokana na mavuno ya mwaka 1962. Wajuzi wengi huihesabu miongoni mwa divai kuu zilizopata kutoka katika bara lile. Nayo haina jina. Huitwa Bin 60A, basi.

Yatupasa kusema mapema kwamba hatuandiki ili kumshawishi mtu anywe. Wako wenzetu ambao dini yao imewakataza, na wako ambao mishahara yao imewakataza, kwa maana chupa moja ya divai hiyo huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola. Tunaandika kwa sababu ndani ya chupa hiyo mna historia ya majina yaliyoazimwa, yaliyofutwa na yaliyorudishwa kwa wenyewe. Tena mna swali ambalo sisi wa Kiswahili tumeulizwa tangu zamani, na si kwa nia njema kila mara: je, kitu cha mchanganyiko chaweza kuwa na heshima sawa na kile kinachodai kuwa kimetoka mahali pamoja?

Tuanze na neno bin. Hapa hatuzungumzii bin ya Ali bin Hasan. Kwa Kiingereza bin ni sehemu iliyotengwa ghalani, kama chumba kidogo kisicho na mlango, ambamo chupa hulazwa zikingoja kukomaa. Mtunza ghala huipa kila sehemu namba yake ili asipotee. Penfolds walizoea kuziita divai zao kwa namba hizo, na namba zikatoka ghalani zikaingia katika karatasi za chupa. Ndiyo maana kuna Bin 28, iliyoanza mwaka 1959, na Bin 389, iliyoanza mwaka 1960. Baadaye utaratibu wenyewe ukaharibika kidogo, kwa maana Bin 707 haikupata namba yake ghalani, bali ilipewa namba ya ndege ya Boeing 707. Hivyo hutokea pia katika lugha: kiambishi kikiisha kuzoeleka, watu hukitumia pasipo sababu yake ya kwanza.

Divai ya Bin 60A ilitokana na zabibu za namna mbili, zilizochumwa katika sehemu mbili za jimbo la Australia ya Kusini. Kiasi cha theluthi mbili kilikuwa zabibu za Cabernet Sauvignon kutoka Coonawarra. Theluthi iliyobaki ilikuwa Shiraz kutoka Bonde la Barossa, katika shamba liitwalo Kalimna. Kati ya sehemu hizo mbili, kwa njia ya barabara, ni mwendo wa zaidi ya kilometa 350. Mashamba hayo hayanyeshewi na wingu moja wala hayana udongo wa rangi moja.

Barossa iko kaskazini-mashariki ya mji wa Adelaide, nayo ina joto. Jina lake ni kosa la mwandishi. Mpima ardhi William Light aliyapa majina maeneo yale mwaka 1837, akataka kukumbuka vita vya Barrosa, huko Hispania, ambako Waingereza walipigana na Wafaransa mwaka 1811. Katika kuandika, herufi zikakosewa, na kosa likawa ndilo jina mpaka leo. Walioitia mizabibu nchi ile walikuwa kwa sehemu kubwa Walutheri wa Kijerumani kutoka Silesia, waliokimbia kuingiliwa katika ibada zao, wakaanza kukaa bondeni mwaka 1842. Wakajenga makanisa, wakatoa majina ya kwao. Vilipozuka Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya jimbo ikapitisha sheria ya mwaka 1917, na kwa sheria hiyo majina 69 ya Kijerumani yakafutwa katika ramani. Mlima Kaiserstuhl ukaitwa Mlima Kitchener, kwa jina la jemadari wa Kiingereza, na haukurudishiwa jina lake hadi mwaka 1975. Sisi tuliorithi maziwa na maporomoko yenye majina ya wafalme wa Ulaya tunaijua biashara hiyo. Tofauti ni kwamba huko walionyang'anywa majina walikuwa nao wamekuja juzi tu. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikwisha kufutiwa ya kwao kabla.

Coonawarra, kinyume chake, ni jina lililotoka katika lugha ya wenyeji, na husemwa kuwa lilikuwa jina la ua. Iko mbali kusini-mashariki, na hewa yake ni ya baridi zaidi. Bwana mmoja kutoka Scotland, John Riddoch, ndiye aliyeigawa ardhi hiyo kwa wakulima wa matunda kuanzia mwaka 1890. Sifa yake yote ni ukanda mwembamba wa udongo mwekundu uliolala juu ya mwamba wa chokaa, ambao urefu wake ni kiasi cha kilometa 15 na upana wake si zaidi ya kilometa mbili au tatu. Ukivuka mpaka wa wekundu ule unaingia katika udongo mweusi, na zabibu hazitoki vilevile. Hata hivyo kwa miaka mingi zabibu za ukanda ule hazikuthaminiwa, na sehemu kubwa ya divai yake iliishia kukanzwa motoni ili kupata brandi. Australia ya siku zile haikutaka divai nyepesi ya mezani. Ilitaka divai tamu, nzito, iliyoongezwa nguvu kwa kileo kikali.

Aliyebadili mambo ni Max Schubert, naye anastahili tumkalie kwa muda.

Alizaliwa mwaka 1915 katika familia ya Walutheri hao wa Barossa. Mwaka 1931 akaingia Penfolds kama tarishi. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1844 na tabibu wa Kiingereza, Christopher Rawson Penfold, na mkewe Mary, huko Magill karibu na Adelaide. Tabibu aliwapa wagonjwa divai kama dawa. Mkewe ndiye aliyeendesha shamba na biashara, ingawa jina lililobaki ni la mume. Katika nyumba hiyo ya kazi Schubert alipanda daraja moja baada ya jingine. Alimkuta Ray Beckwith, mkemia aliyeanza kazi mwaka 1935, ambaye alionyesha kwamba ukidhibiti kiasi cha uchachu kwa kipimo kiitwacho pH, bakteria hawawezi kuiharibu divai kwa urahisi. Kabla ya hapo divai nyingi zilikuwa zikigeuka siki ghalani, na wenye mali wakilaumu hali ya hewa. Mwaka 1948 Schubert akawa mkuu wa watengenezaji divai wote wa kampuni.

Mwaka 1950 akatumwa Ulaya ajifunze namna Wahispania na Wareno wanavyotengeneza zile divai zao zilizoongezwa nguvu. Akajifunza, kisha akapita Bordeaux, Ufaransa, ambako mzee mmoja mfanyabiashara, Christian Cruse, alimpokea akamwonjesha divai zilizokwisha kulala miaka 40 na 50, nazo bado zilikuwa hai. Schubert akarudi na wazo lisilokuwamo katika hati ya safari yake: kutengeneza Australia divai nyekundu itakayodumu angalau miaka 20. Cabernet ya Bordeaux ilikuwa haba kwao, basi akatumia Shiraz, iliyokuwa tele. Mwaka 1951 akatia divai yake katika mapipa matano mapya ya mwaloni wa Kimarekani. Akaiita Grange Hermitage: Grange kwa nyumba ya akina Penfold, na Hermitage kwa kilima cha Ufaransa chenye sifa ya zabibu hizo.

Miaka michache baadaye wakuu wa kampuni walio Sydney wakataka kuiona mali yao. Wakaalikwa wajuzi, wakaonja, wakakunja nyuso. Schubert mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mmoja aliifananisha na matunda ya mwituni yaliyotiwa sisimizi waliopondwa. Kabla ya mavuno ya mwaka 1957 ikaja barua: kazi ile ikome. Schubert akatii kwa karatasi. Ghala la Magill lilikuwa mbali na Sydney, naibu meneja Jeffrey Penfold Hyland alikuwa upande wake, na mavuno ya 1957, 1958 na 1959 yakatengenezwa kwa siri, bila mapipa mapya kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kuyanunua pasipo kuulizwa. Wakati huo zile chupa za kwanza zilikuwa zinakomaa, na waliozionja tena wakaanza kusema mengine. Kabla ya mavuno ya 1960 amri ikaja ya kuanza upya. Hatujui kama tumsifu mtumishi wa namna hii mbele ya vijana wetu, ambao twawafundisha kutii. Lakini lau angalitii kwa moyo, makala haya yasingaliandikwa.

Ndipo tunafika mwaka 1962. Huko kusini mwa dunia zabibu huchumwa kati ya Februari na Aprili, na mwaka unaoandikwa katika chupa ni mwaka wa kuchuma, si wa kuuza. Schubert sasa alikuwa na ruhusa, alikuwa na mapipa, na kampuni ilikuwa imekwisha kujipatia mashamba Coonawarra. Hivyo Cabernet, ambayo aliikosa mwaka 1951, ilikuwa mkononi mwake.

Kwa nini hakuitumia peke yake? Cabernet Sauvignon ni tunda dogo lenye ganda nene na kokwa kubwa. Huipa divai rangi, harufu kali, na ule ukakasi unaokaza ulimi, ambao ndio huifanya iweze kulala miaka mingi bila kuoza. Ila aghalabu ina upungufu katikati: huanza kwa nguvu mdomoni, humalizia kwa nguvu, na kati ya hapo pana kama pengo. Shiraz ya nchi ya joto ina tabia ya kinyume. Imejaa, ni laini, ina utamu wa tunda lililoiva vyema, lakini ikiachwa peke yake yaweza kulegea. Ukizitia pamoja kwa kipimo, moja hujenga kuta na nyingine hujaza nyumba. Wenzetu wa hapa Uganda hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa tonto yetu hutiwa maji ya ndizi na unga wa mtama uliokaangwa, wala hatujamsikia mtu akiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho tonto halisi.

Kazi yote iko katika kipimo. Theluthi mbili kwa theluthi moja si kanuni iliyoandikwa mahali. Mwaka mwingine, kwa mvua nyingine, ingalikuwa vingine, na mchanganyaji hana chombo ila pua yake na ulimi wake. Divai iliyopatikana ilikuwa kidogo. Ilipelekwa katika mashindano ya Australia ikajizolea medali za dhahabu zaidi ya 30, mbali na vikombe. James Halliday, mwandishi mkubwa wa divai wa nchi hiyo, ameisifu mara nyingi kupita karibu zote alizoonja za kwao. Na mwaka 2004, miaka 42 tangu zabibu zichumwe, jarida la Decanter la Uingereza lilipochapa orodha ya divai 100 za kuonjwa kabla ya kufa, Bin 60A iliwekwa karibu na juu kabisa, kati ya majina makuu ya Ufaransa ambayo kila moja ni jina la shamba au kilima.

Hapo ndipo penye mgogoro. Kwa fikira ya Wafaransa, ubora wa divai hukaa mahali: kijiji hiki, mteremko huu, ukuta huu wa mawe. Tangu mwaka 1935 sheria yao hulinda majina hayo, na huamua zabibu zipi zitumike wapi. Kwa kipimo hicho Bin 60A ni mtoto asiye na kwao. Lakini msomaji asikilize jambo hili. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa na desturi ya kutia divai ya kilima cha Hermitage, yaani zabibu zilezile za Shiraz, ndani ya Cabernet zao ili kuzipa mwili. Hawakuona haya, walikuwa hata na neno maalumu la kitendo hicho, na wanunuzi walilipa zaidi. Kile ambacho Schubert alikifanya mwaka 1962, na ambacho Ufaransa ilikwisha kukipiga marufuku, Ufaransa yenyewe ilikuwa imekifanya zamani. Usafi wa asili, mara nyingi, una umri mdogo kuliko mchanganyiko uliotangulia.

Na zabibu zenyewe je? Mwanafunzi wetu mmoja, kwa kuona neno Shiraz katika gazeti, alituuliza kama hiyo ndiyo divai ya Washirazi. Swali si la kuchekwa. Australia mizabibu hiyo ilifika kwa mkono wa James Busby, aliyekusanya miche Ufaransa na Hispania, akaileta Sydney mwaka 1832. Alipoiandika alitumia jina Scyras, na ndani ya karatasi hizo mlikuwamo hadithi kwamba tunda hilo lililetwa Ufaransa kutoka mji wa Shiraz, Uajemi. Ufaransa huitwa Syrah; Australia matamshi yalivutwa na hadithi mpaka yakawa Shiraz kamili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa Marekani na Ufaransa walipima vinasaba vyake wakakuta kwamba halikutoka Uajemi hata kidogo. Wazazi wake ni zabibu mbili za kusini-mashariki ya Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Cabernet Sauvignon nayo, kwa wanasayansi wa kundi hilohilo, ilionekana kuwa mtoto wa Cabernet Franc nyekundu na Sauvignon Blanc nyeupe. Basi ndani ya Bin 60A kila upande wa mchanganyiko ulikuwa tayari ni mchanganyiko.

Kwa Washirazi wa pwani yetu mambo yamekwenda kinyume cha hayo. Historia ya Kilwa husimulia juu ya Ali bin Hasan na ndugu zake waliotoka Shiraz. Wanahistoria wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa na haki ya kuitilia shaka, kwa kuwa lugha ya pwani ni ya Kibantu toka mifupa yake, na miji ile ilijengwa na watu wa hapa. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapa utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wapatao 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba kwa upande wa akina mama asili yao ilikuwa karibu yote ya Afrika, na kwa upande wa akina baba wengi walikuwa na damu ya Uajemi, iliyoanza kuingia yapata mwaka 1000. Haithibitishi kila neno la hadithi, wala haimpi kila ajiitaye Mshirazi babu wa Kiajemi. Lakini yastaajabisha kwamba kati ya wawili walioitwa kwa jina la mji ule, tunda ndilo lililokuwa limesingiziwa.

Jina la Hermitage nalo likarudishwa. Wafaransa walilalamika kwamba kilima chao kinauzwa bila kuulizwa, na Jumuiya ya Ulaya ikafanya mapatano na Australia, yaliyotiwa saini mwaka 1994, ya kuacha majina ya mahali pa Ulaya. Grange Hermitage ikawa Grange tupu kuanzia mavuno ya 1990. Schubert alifariki mwaka huohuo wa mapatano, 1994. Kwa Bin 60A hapakuwa na la kurudisha, kwa sababu haikuazima cha mtu.

Kutokana na mavuno ya mwaka 2004 Penfolds walitengeneza Bin 60A nyingine, tena kwa Cabernet ya Coonawarra na Shiraz ya Barossa. Na zile za 1962 zilizosalia zinazeeka pamoja na vizibo vyake. Kizibo kikichoka, divai hupungua na hewa huingia. Tangu mwaka 1991 kampuni imekuwa ikiwaalika wenye divai zake za zamani wazilete. Mtaalamu huifungua chupa, huonja tone, na akiridhika huijaza kwa divai changa kidogo, huifunga kwa kizibo kipya na kutia sahihi yake. Ikiwa imeharibika hurudishiwa mwenyewe bila sahihi.